Soma Mwenyewe Kwanza

Masomo: 2 Timotheo 4:9–13, Wakolosai 4:16, Matendo 8:26–40, Matendo 17:10–12



Katika gazeti la mwezi uliopita tuliwaahidi kwamba kikundi chetu cha kusoma kitawaletea habari za vitabu tulivyovisoma na vipindi tulivyovisikiliza tangu Pasaka, ili nanyi mpate kuvitafuta. Ahadi ni deni, nasi twalilipa leo. Lakini tumeona haya kuwapa orodha tupu ya majina, kwa sababu mtakayoiona mbele kidogo. Kwa hiyo tumeifanya habari hii kuwa somo, na yafaa msomaji awe na Biblia karibu.

Tuanze na Paulo. Alipomwandikia Timotheo waraka wa pili alikuwa kifungoni. Wengi wamekwenda zao, Luka peke yake ndiye aliye naye, na majira ya baridi yanakaribia. Anaomba aletewe joho alilomwachia Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu huyu amekwisha kusema katika sura ile ile kwamba saa yake ya kufariki imefika, na bado anavitaka vitabu vyake! Wahubiri wengi huupita mbio mstari huu, lakini sisi wa kikundi twaupenda sana. Tena aliwaagiza Wakolosai kwamba waraka wake ukiisha kusomwa kwao, wautoe usomwe na Laodikia, nao wausome ule utakaotoka Laodikia. Hiyo ilikuwa miji miwili ya jirani, na makanisa yake yalikuwa yakipokezana maandiko. Basi kuambiana cha kusoma si jambo geni katika Kanisa. Nyaraka zenyewe zimetufikia kwa njia hiyo.

Kikundi chetu hukutana Alhamisi baada ya Sala za Jioni, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya mtaa. Tukiwa wengi tunafika kumi na wanne. Mvua ikinyesha, sita. Vitabu vyetu vyakaa katika kabati moja ambalo mchwa wamekwisha kulijaribu mara mbili. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kusoma tu. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu, na vijana wametufundisha kusikiliza podikasti, yaani vipindi kama vile vya redio, ila huna haja ya kungoja saa yake. Unakipakua kipindi kwenye simu ukakisikiliza wakati wo wote, hata ukiwa unapalilia au unamenya mihogo.

Wazee wetu walinung'unika mwanzoni. Walisema kusikiliza ni uvivu, msomaji wa kweli hushika kitabu. Hoja yao tuliijibu kwa Matendo ya Mitume. Yule towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia, alikuwa ameketi garini mwake akisoma chuo cha nabii Isaya, na Filipo aliyekuja kwa miguu alimsikia. Angewezaje kumsikia kama alikuwa akisoma kimya? Watu wa zamani kwa kawaida walisoma kwa sauti, hata mtu akiwa peke yake. Neno lililoandikwa liliingia kwa njia ya sikio, na katika Warumi 10 Paulo aonyesha kwamba imani nayo huanzia hapo hapo. Wazee wakanyamaza, na mmoja wao sasa ndiye wa kwanza kuuliza kama spika ina chaji.

Sasa tuwaambie jambo ambalo hatukupenda kuliandika.

Wakati wa Kwaresima ya mwaka 2023 mmoja wetu alipokea rekodi ya mhubiri fulani. Alisikiliza dakika kumi za mwanzo, akaona ni mafundisho mema juu ya sala ya usiku. Akaituma kwenye kundi letu la simu pamoja na maneno matatu: "Nzuri sana, sikilizeni." Sisi wengine tukaituma kwa jamaa zetu, na kwa akina mama wa Umoja, na kwa wanakwaya. Rekodi ilikuwa ya saa moja na zaidi. Kati yetu sote hapana hata mmoja aliyeisikiliza mpaka mwisho.

Bibi mmoja wa mtaa wetu, mjane, aliisikiliza yote. Yeye ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Hata mahubiri yakirefuka namna gani, hajapata kusinzia. Karibu na mwisho mhubiri alisema kwamba mwenye imani kamili na aviweke chini vidonge vyake. Bibi ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na kwa miaka tisa alikuwa akimeza vidonge kila siku kama alivyoagizwa na daktari. Akaviweka chini. Katika wiki ya nne alianguka jikoni, akapooza upande wa kushoto. Mungu alimhifadhi, hakufa. Leo atembea kwa mkongojo, lakini mkono wa kushoto hauwezi kushika hata kikombe.

Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Tulijitayarisha kulaumiwa, na hakutulaumu. Alisema tu, "Wanangu, mimi nilijua mmekwisha kuisikiliza."

Neno hilo limetukaa. Yule mhubiri Bibi hakumjua wala hakupata kumwona. Aliowaamini ni sisi. Kwa miezi miwili baada ya hapo kikundi hakikukutana, na wengine walisema tulifunge kabati na mambo yaishe. Padre wetu hakukubali. Alituambia tuisome tena habari ya Filipo, safari hii tukitazama miguu yake.

Basi tukatazama miguu yake. Filipo alipiga mbio mpaka akalifikia gari. Akauliza kwanza kama mwenzake ayaelewa yale asomayo. Akangoja mpaka akaombwa, akapanda, akaketi pamoja naye, nao wakasafiri pamoja mpaka penye maji. Tena alianzia andiko lile lile ambalo towashi alikuwa nalo mkononi. Hakumtoa hapo kumpeleka kwenye jingine alilolipenda yeye. Jinsi tulivyofanya sisi na ile rekodi ni sawa na mtu aliyesimama kando ya barabara, akarusha chuo ndani ya gari linalopita, akaenda zake. Nao watu wa Beroya wasifiwa katika sura ya 17 kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo waliyoambiwa ndivyo yalivyo. Wasemaji walikuwa Paulo na Sila, na bado waliwachunguza!

Kwa hiyo habari zifuatazo ni za vitu tulivyovimaliza. Palipo na kasoro tutasema.

Cha kwanza ni kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeokolewa, na aliandika mambo aliyohadithiwa na wazee wake: kukamatwa kule bara, mwendo wa kwenda pwani, jahazi, na manowari ya Waingereza iliyowaokoa. Mwisho wake ni Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na chama cha misioni cha CMS ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kengele ya kijiji kile imeacha jina mpaka leo, maana pale paitwa Kengeleni. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, chepesi, na chafaa kusomwa kwa sauti jioni nyumbani. Kasoro yake kwa maoni yetu ni kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Msomaji aweza kudhani kwamba watumwa wenyewe hawakuwa na la kufanya ila kungoja kuokolewa. Kisomeni pamoja na watoto, na mkifika hapo simameni mzungumze.

Cha pili ni Peponi. Hiki ni tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Yeye aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaileta katika Kiswahili mwaka 2022. Kijana Yusufu, mwenye miaka kumi na miwili, achukuliwa na tajiri ambaye alizoea kumwita mjomba, kumbe si mjomba wake. Baba yake amemweka rehani kwa deni. Msomaji wa Mwanzo 37 na 39 ataitambua mara moja habari iliyo nyuma ya hii, na jirani zetu Waislamu nao wataitambua. Tulibishana majuma matatu juu ya baba: je, alimuuza mwanawe au alishindwa tu? Hatutawaambia mwisho wake. Yamo mambo ya watu wazima, kwa hiyo hatukiweki mikononi mwa watoto wa Shule ya Jumapili.

Vijana wametuletea michezo ya redio ya Noa Bongo, mfululizo ulioanzishwa na Deutsche Welle mwaka 2008 ili kuwafundisha vijana wa Afrika mambo ya afya, elimu na maisha kwa njia ya hadithi. Baadhi ya michezo hiyo ni mizuri. Mingine yaonyesha mno kwamba imekuja kufundisha, na vijana wenyewe walikuwa wa kwanza kucheka.

Pia tulisikiliza Injili ya Marko yote, sura kumi na sita mfululizo, kutoka katika Biblia iliyosomwa kwa sauti ambayo hupatikana bure kwenye simu. Haifiki saa mbili. Mzee wetu asiyeona tena alikaa na kidevu juu ya fimbo yake mpaka mwisho, kisha akasema: "Miaka sitini nimemsikia Marko vipande vipande. Sikujua kama ana haraka hivi." Ni kweli. Hesabuni wenyewe katika sura ya kwanza ni mara ngapi mwandishi asema "mara". Tulikuwa tumelisoma neno hilo maisha yetu yote bila kuliona, na kwa sikio tukalipata jioni moja.

Lililobaki twataka kulikalia, maana ndilo lililotufundisha zaidi.

Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa sekondari, naye husikiliza kipindi cha Kiingereza cha BBC kiitwacho In Our Time. Kilianza mwaka 1998, na kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2025, kiliongozwa na Melvyn Bragg. Wataalamu huketi pamoja wakazungumza jambo moja tu, bila muziki wala mzaha mwingi. Mwalimu hutufungulia kipande, akakisimamisha, akatueleza kwa Kiswahili, tukabishana, akaendelea. Ni kazi ya polepole. Kwa namna hiyo tulisikiliza kipindi juu ya Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kikatutia hamu ya kitabu chenyewe. Tulipofika kitabu cha nane, tulikuta humo habari yetu wenyewe.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwaka 386 alikuwa Milano, Italia, mwalimu wa ufasaha wa kusema, mwenye sifa nyingi na moyo usiotulia. Siku moja alitembelewa na Ponticianus, Mwafrika mwenzake aliyekuwa na cheo kikubwa katika kasri ya mfalme. Rafiki yake Alypius naye alikuwapo. Juu ya meza ya kuchezea palikuwa na kitabu. Mgeni akakichukua akidhani ni kitabu cha kazi ya ualimu, kumbe ni nyaraka za Paulo. Akafurahi, kwa kuwa yeye alikuwa Mkristo. Maongezi yakaanzia hapo, yakafika kwa Antonio wa Misri, mkaa jangwani. Na mgeni akashangaa kuona kwamba hawa wawili hawajapata hata kulisikia jina lake. Antonio alifariki mwaka 356, miaka thelathini tu nyuma, na katika bara lile lile walikozaliwa wao!

Ndipo Ponticianus akawahadithia mambo ya mji wa Trier, ambao leo u katika Ujerumani. Mchana mmoja mfalme alikuwa akitazama michezo, na yeye pamoja na rafiki zake watatu walikwenda kutembea bustanini karibu na ukuta wa mji. Wakagawanyika wawili wawili. Wale wengine walifika kwenye kibanda cha watumishi wa Mungu maskini, wakakuta humo kitabu cha maisha ya Antonio. Mmoja akaanza kusoma. Kabla ya jua kuchwa alikuwa amekwisha kukata shauri kuiacha kazi ya kasri, na mwenzake akaungana naye. Wote wawili walikuwa na wachumba. Nao wachumba waliposikia wakajitoa kwa Mungu.

Tazameni jinsi alivyoitoa habari hii. Wala hakuanza kwa kukisifu kitabu. Alisema kitabu kile kiliwafanya nini watu aliowajua, siku aliyokuwapo mwenyewe. Tena hakujipamba, maana alieleza kwamba yeye na mwenzake wa pili waliwaaga wale wawili kwa machozi, kisha wakarudi zao kasri. Mtu aliyeshindwa kukifuata kitabu, asemaye kweli juu ya kushindwa kwake, aliweza kukipeleka kwa mwingine. Hilo lilitupa moyo sana sisi wenye kabati lililofungwa.

Baada ya mgeni kuondoka, Augustino aliingia bustanini akilia. Kutoka nyumba ya jirani akasikia sauti ya mtoto ikirudia maneno ya kumwambia achukue asome. Akakumbuka kwamba Antonio naye aligeuzwa na Injili aliyoisikia ikisomwa kanisani, habari ya yule kijana tajiri katika Mathayo 19. Akarudi penye kile kitabu cha nyaraka, akakifungua, akasoma Warumi 13:13–14 kimya, wala hakuhitaji kuendelea. Kabla ya kukifunga aliweka kidole, au alama nyingine, mahali pale. Alypius akaomba aonyeshwe. Naye akasoma mbele kidogo, akakuta mwanzo wa sura ya 14, habari za aliye dhaifu wa imani, akasema kwamba hayo ni yake yeye. Wakaingia ndani pamoja kumwambia Monika, mama yake Augustino. Pasaka ya mwaka uliofuata, 387, Askofu Ambrosio akawabatiza.

Hebu wafuateni wote hao kwa kurudi nyuma. Msomaji wa Injili kanisani Misri, ambaye hatuna jina lake, Antonio aliyesikia, Atanasio, Askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake kwa Kiyunani, aliyeyatia katika Kilatini, aliyekiacha kitabu kibandani, wale wawili wa Trier, Ponticianus. Kila mmoja alikuwa amekwisha kukionja alichompa mwenzake.

Ile alama ya kidole ndiyo tuliyoamua kuiiga. Tangu kabati lifunguliwe tena, anayeleta kitabu huweka kipande cha karatasi mahali palipomgusa, akaandika sababu kwa mstari mmoja. Anayeleta rekodi husema ni dakika ya ngapi, na tena husema kama ameisikiliza yote. Akijibu kwamba hajamaliza, hatumkemei. Twamwambia amalize, sisi tupo. Pia twauliza: "Ni kwa nani?" Kwa maana kitabu kimfaacho mwalimu chaweza kumchosha fundi cherehani, na rekodi imtiayo kijana nguvu yaweza kumwangusha mgonjwa. Kazi imekuwa ya polepole, na ujumbe katika kundi letu la simu umepungua sana. Wawili walijitoa wakisema tumekuwa kama askari wa forodha. Labda ni kweli kidogo.

Vikundi vya nyumbani vitakavyotumia somo hili na vizungumze haya: Ni nani aliyekupa kitabu au neno lililokugeuza, na je, umepata kumwambia? Katika juma lililopita ulituma nini kwa wengine kabla hujakimaliza mwenyewe? Kwa nini Filipo aliuliza kwanza kabla ya kueleza? Nao walio na subira wasome Warumi 14 yote, waone jinsi Paulo atakavyo tumchukulie ndugu aliye dhaifu.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao tutaanza kitabu cha tisa cha Maungamo, na kila ajaye na aje na jambo moja alilolisoma au kulisikia mpaka mwisho. Nakala ni moja tu, kwa hiyo tutasoma kwa sauti kwa zamu. Atakayekuwa na spika yenye nguvu kuliko yetu atuazime. Tutakutana nyumbani kwa Bibi, si ofisini, kwa kuwa kilima kinamchosha. Amekubali kuwa msikilizaji wetu wa kwanza, na hakuna rekodi inayotumwa kwenye kundi kabla yeye hajaisikiliza. Juma lililopita alipelekewa tatu. Moja ameipitisha, moja amesema ina maneno mengi, na ya tatu bado yuko nayo, maana ni ya saa mbili na nusu na yeye haruki hata dakika moja.